Abakosti ya Muyisa na Mukono wa Kavuo

Hii nitakayowaeleza hamutaiamini, na mimi sitagombana na mutu. Nimesoma mpaka ya pili sekondari, nikatoka kule kwa sababu walimu waliishiwa na vya kunifundisha, kwa hiyo najua kutenganisha habari na uzushi. Hii ni habari. Katika vita, wakati matajiri wa Butembo walikuwa wanajificha chini ya magunia ili wapite barrière za askari barabarani, kulikuwa mutu mumoja, karani wa kupima kahawa asiyekuwa tena na kahawa ya kupima, ambaye waasi walimupigia saluti kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, yeye pamoja na bibi yake. Sababu? Koti.

Koti, ndiyo. Kaeni vizuri.

Mutu huyo ni Muyisa, kaka yangu mukubwa. Lakini habari si yake, hata kama angependa iwe yake. Ni ya bibi yake, Kavuo.

Kavuo alizaliwa kwenye milima ya Lubero, na tangu alipojua kutembea alijua kubeba. Kuni, maji, viazi, baadaye karoti na poireaux za kuuza soko ya Butembo: muzigo mugongoni, kamba kwenye paji la uso, shingo mbele. Mukimutazama vizuri mutaona, juu kidogo ya nyusi, bonde dogo lililochimbwa na ile kamba. Mama zetu wengi wanalo, na sisi wanaume tunajifanya hatulioni. Sisi tunatangulia, mikono mitupu, tukipiga mluzi. Mimi binafsi napiga mluzi muzuri kuliko watu wote wa quartier yetu.

Basi Muyisa alipokwenda kumuposa, mwaka wa sabini na sita, wazee walitaja mbuzi, wakavutana, wakapatana. Wakati wanataka kufungua kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, Kavuo akatoka nyuma ya pazia akasema na yeye iko na yake.

"Siku moja kwa posho, sitabeba kitu. Na sitatembea nyuma. Nitatembea pembeni yako, unishike mukono, batu baone."

Wazee walicheka mpaka mumoja akaangusha kiko chake. "Huyu anatafuta muzungu!" Muyisa hakucheka. Alikuwa amesimama ndani ya abakosti mupya, amefunga vifungo mpaka kooni kama bahasha. Wale waliozaliwa juzi hawajui abakosti: ni ile koti ya wakati wa Mobutu, isiyo na karavati, maana serikali ilisema karavati ni kamba ya wazungu. Yake ilikuwa rangi ya majani makavu ya ndizi, na shingoni aliweka kitambaa kidogo.

"Siku ya posho," akasema. "Kila siku ya posho."

Na kweli, miaka ikapita, watoto wakazaliwa wakakua wakaenda kwao, na Jumamosi haikukosa. Asubuhi Muyisa aliweka makaa ndani ya pasi, akaifuta juu ya jani la ndizi ili iteleze, akanyoosha ile abakosti taratibu kama mutu anayeosha mutoto muchanga. Kavuo alifunga nywele kwa uzi mweusi, zikasimama kichwani kama antena za radio, vile wasichana walivyokuwa wanafunga wakati wa ndoa yake. Blauzi yenye mabega yaliyovimba. Liputa, kitenge cha kujifunga, mpaka chini. Viatu vya kisigino kinene kama tofali. Wakipita, vijana wa nguo za balo, zile mitumba, wenye jeans za kupasuka magoti, walikufa kwa kicheko.

"Tata Muyisa! Zamani ilikufa!"

"Zamani ilikufa," Muyisa anajibu bila kugeuka, "mais kitambaa kiko kizima. Ya kwako weye ilizaliwa imekufa."

Walipanda camionnette mpaka Beni, kwa Élise, dada mukubwa wa Kavuo. Kitunguu na poireaux za kumupelekea Élise zilikaa ndani ya kitunga, na kitunga alikibeba Muyisa. Wakisha kula, walitembea kule Mavivi, kwenye uwanja wa ndege, mukono ndani ya mukono, kuangalia ndege zinatua. Kavuo alipenda ndege kuliko kitu chote.

"Angalia," anamwambia mume wake. "Kitu kizito namna ile, na hakina kamba kwa paji."

Halafu Mobutu akakimbia. Wanaume wa Butembo wakatupa abakosti zao usiku mumoja. Kesho yake kila mutu alikuwa na karavati, hata wachinjaji. Muyisa akasema Mobutu hakumununulia ile koti, na hakuna sababu wafukuzwe pamoja. Muda kidogo, vita ya pili ikaingia, na barabara ya Beni ikaota barrière kama uyoga baada ya mvua. Watu wakaacha kusafiri. Na mimi, mwenye akili ya familia, nilimwambia kaka: tembeeni hapa-hapa mujini, muzunguke soko, murudi.

Kavuo aliangalia tu ile kamba yake ukutani, pale inapotundikwa. Muyisa akaona anachoangalia. Jumamosi ile pasi iliwekwa makaa.

Sasa hapa ndipo hamutaamini. Kwenye barrière ya Kabasha wote walishushwa. Askari aliyekuja na bunduki alikuwa kijana aliyetoka ndani kabisa ya pori, kule ambako nguo ni nguo tu. Akapita kwa abiria, anapekua, anasukuma. Akafika kwa Muyisa. Akasimama. Akatazama kola, akatazama vifungo, akatazama ile kitambaa ya shingoni. Maisha yake yote alikuwa ameona mutu mumoja tu amevaa namna ile: kwenye noti ya zamani ya Mobutu, zile noti ambazo mama yake alikuwa akiwasha nazo moto.

"Muzee," akauliza polepole, "weye njo ule wa ku noti?"

Muyisa ni mukristo, shemasi kabisa, hasemi bongo, yaani uongo. Akakohoa.

"Tunafanana," akasema.

Kijana akagonga visigino. Saluti! Wenzake, kuona mumoja anapiga saluti, wakaogopa kubaki nyuma, wakapiga wote. Kamba ya barrière ikashuka chini, camionnette ikapita bila kutoa hata muche wa sabuni. Abiria walimushukuru Muyisa mpaka Beni: wasingya, tata, wasingya! Kavuo alijifunika mudomo kwa liputa, mabega yanaruka kwa kicheko. Mwanamuke yule hakuwa amecheka vile tangu vita ianze.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Na kaka yangu, ambaye damu yetu ni moja, hakujua kuacha wakati kitu ni kitamu. Akatafuta fimbo. Sauti yake ikashuka mpaka tumboni. Akaanza kuitikia saluti kwa vidole viwili, macho mbali, kama mutu anayefikiria deni la taifa. Wachuuzi wakawa wanamungojea kwenye parking: "Mukubwa, leo tunapanda na weye." Kavuo akamufinya chini ya mukono.

"Tembea sawa na mutu. Hapana tembea sawa na noti."

"Si uko unapita?" anamujibu. "Si uko unaona ndege yako?"

Kavuo akaacha kumufinya. Alikuwa anapita. Alikuwa na mukono wa mume wake na siku moja bila kamba, wakati wanawake wengine walikuwa wanakimbilia porini na watoto mugongoni. Alijua ni kitu kidogo, na alijua pia kwamba hana kingine.

Barrière ikabadilisha mikono. Hakuna aliyetoa tangazo. Mambo hayo hayatangazwi. Camionnette ilifika Kabasha, mvua imenyesha, matope mekundu mpaka kwenye kifundo cha muguu, na sura zote zilikuwa mpya. Mukubwa wao hakuwa kijana. Alikuwa umri wa Muyisa, mvi kwenye kidevu, ameketi juu ya kiti cha plastiki chini ya tôle ya bati. Muyisa alishuka na fimbo yake, akangojea saluti.

"Yaka awa, mobange," yule mukubwa akasema kwa Lingala. Kuja hapa, muzee. Alisema bila hasira, kama mutu anayeita jirani. "Ile koti. Naijua ile koti. Walioivaa walikula inchi."

"Commandant, mi nilikuwa karani wa kahawa tu."

"Ndiyo. Na kila asubuhi mulikuwa munatuchezesha kwanza. Baba yangu alikufa goti zinamuuma juu ya kucheza."

Ilikuwa kweli. Wakati ule, kabla ya kazi, watu wote walipangwa uwanjani, wanaimba na kucheza sifa za mukubwa wa inchi, tuliita animation. Lakini Muyisa hakuchezesha mutu. Na yeye alikuwa kwenye mustari, anatikisa kiuno mbele ya mizani kila asubuhi, kwa tumbo tupu.

"Commandant, hata mi nilikuwa nacheza."

"Bien," yule akasema. "Basi haujasahau. Bina."

Cheza. Muyisa akasimama tu. Askari mumoja akamupiga kwa kitako cha bunduki nyuma ya goti, si kwa nguvu sana. Mukubwa akageuka kwa Kavuo.

"Na weye, mama ya antena. Imba. Mi nataka sawa na ya zamani. Akiimba mubaya, mutamuongeza muzee."

Kumbukeni, Kavuo alikuwa msichana wakati wa animation, na kati ya wasichana wote wa zone walikuwa wamemuchagua yeye kuanzisha wimbo, kwa ajili ya sauti. Sauti ile ilikuwa bado kooni. Alitazama goti la mume wake. Akafikiria: nikiimba kwa machozi, watamuvunja. Basi hakuimba kwa machozi. Alitupa kichwa nyuma akaanzisha, juu, safi, kama yuko mbele ya gavana; akapiga makofi, akaweka vigelegele pale vinapowekwa. Na Muyisa akacheza. Shemasi, babu ya watu, ndani ya abakosti iliyopigwa pasi, fimbo imeanguka, viatu vinang'oka ndani ya matope na kurudi. Abiria waliangalia vidole vyao vya miguu. Askari wakaanza kupiga makofi pamoja naye, maana wimbo ulikuwa umewaka kabisa. Yule mukubwa alicheka mpaka akapangusa macho.

Alipochoka akasema inatosha, hawa wanaweza kwenda. Koti ibaki. "Longola." Muyisa akafungua vifungo kimoja kimoja. Mukubwa akaivaa palepale. Ikapasuka mugongoni, ikafanya sauti kama mutu anayeguna. Camionnette ikaendelea Beni. Wao wawili wakarudi upande wa Butembo, kwa miguu, Muyisa na singileti katika baridi yetu.

Kavuo alivua liputa ya juu ili amufunike. Muyisa akakataa kwa kichwa. Kitunga cha Élise kilikuwa chini, pale barabarani. Muyisa akakipita. Kavuo akakiokota, akatafuta jinsi ya kukibeba, mwishoni akafunga ile liputa kwenye kitunga, akaipitisha kwenye paji la uso. Mume wake alikuwa amekwisha tangulia. Akamufuata nyuma.

Karibu na Maboya Muyisa akasema kitu, bila kugeuka.

"Uliimba muzuri."

Ndiyo hilo tu. Na mimi nawaambia, ningependa angemupiga kofi.

Jumamosi iliyofuata Kavuo alifunga nywele. Alivaa viatu vya tofali, akaketi sebuleni, akangoja. Muyisa alikuwa anatengeneza radio. Jumamosi ile nyingine pia. Hakuna ugomvi ndani ya nyumba: walikula pamoja, wakaongea chumvi, wakaongea mvua, wakaombea chakula. Mimi nilileta koti ya balo, muzuri sana, ya Italia, hata mimi niliionea wivu, akashukuru, akaitundika. Siku moja Kavuo akamuuliza, mikono ndani ya unga:

"Ulitaka niimbe mubaya?"

Muyisa akaongeza sauti ya radio.

Kisha akaacha kufunga nywele kwa uzi. Kisha, kwa sababu Jumamosi ndiyo soko kubwa, akachukua kamba na Jumamosi pia. Jirani mumoja, Agar, akamuona anashuka na karoti akapiga kelele: "Eh! Mama Kavuo! Leo hapana ndege?" Kavuo akaendelea kushuka. Shingo ikiwa ndani ya kamba, mutu hawezi kugeuka.

Hapa nitapumua kidogo. Ninayaandika haya kwenye baraza yao, na kila kipande nikimaliza nakisoma kwa sauti. Kavuo yuko hapa anachambua maharagi, hajanisahihisha hata mara moja, kwa hiyo muone wenyewe kama ni habari au ni uzushi. Na sasa inabaki kipande kitamu, maana sikuwaita niwalize bure.

Vita ikatangazwa imekwisha. Barrière ya Kabasha ikang'olewa. Na Jumamosi ya kwanza ya amani, Muyisa akaamuka mapema, akavaa ile koti ya Italia, akasimama mbele ya bibi yake na kunyoosha mukono. Kavuo akaushika! Wakatoka, mama zangu, wakatoka barabarani, muji muzima ukasimama, wachuuzi wakaacha mizani, madereva wakapiga honi, askari wa serikali mupya wakavua kofia, watu kama elfu mbili, tatu, wanapiga makofi, na wao katikati, mukono ndani ya mukono, wakashuka mpaka rond-point, kutoka pale wakapanda gari mpaka Beni, na kutoka Beni mpaka

"Shemeki. Bongo hiyo."

"Nimeongeza batu kidogo tu, Kavuo."

"Batu gani? Mukono alinipatia, hiyo njo kweli. Tukafika pa lango. Kuona batu barabarani, akaniachia, akarudi ndani. Mi nikachukua kamba, nikaenda soko. Andika vile. Na usome chini-chini, kaka yako iko anasikia."