Plagi ya Kitrekta

Nimeishi Mwanza, Mbeya, Tunduma, hata Tarakea nikivusha maharage. Popote nilipo, nikisikia mashine ya kukata nyasi ikiunguruma, mkono wangu wa kulia huingia mfukoni wenyewe. Watu hudhani natafuta chenji. Natafuta plagi.

Nililetwa Moshi nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa amefariki, na mdogo wake, baba mdogo Elia, alinifuata Singida nikasome kwake. Vumbi la Babati lilitupaka nyusi nyekundu, tukalala stendi ya Arusha juu ya mizigo yetu, na kesho yake nikauona mlima, nikadhani ni wingu lililokataa kuondoka.

Baba mdogo alifanya kazi kwenye shamba la miwa, kule chini ya mji, lakini miwa hakuigusa. Yeye alikata nyasi za kiwanja cha mpira na za bustani, akiwa amekaa juu ya mashine nyekundu iliyofanana na trekta lililozaliwa kabla ya siku zake. Sisi tuliiita kitrekta. Chini ya tumbo lake vilizunguka visu viwili, virefu kama mkono wangu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa siku ya kuvinoa. Kwanza baba mdogo alichomoa plagi kwenye injini, ile inayoiwasha, ikinuka petroli na masizi, akaniwekea kiganjani.

"Yona, shika hii. Ikiwa kwako, hiki kitu hakiwezi kuniuma."

Ndipo alipoinua pua ya kitrekta kwa jeki, akakiegemeza juu ya magogo, akaingiza mikono. Alikwangua nyasi zilizogandamana kama ukoko wa kiburu cha ndizi na maharage, akafungua visu kwa spana, akabana kimoja kwenye jiliwa. Tupa ilisukumwa upande mmoja tu, taratibu, ikifuata makali ya zamani. Kisha alikitundika kisu kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ulioshuka ndio mzito. Huo aliupunguza tena mpaka kisu kikatulia kama mizani ya dukani.

"Kisu butu hakikati, kinang'oa," alikuwa akisema. "Na kikizidi upande mmoja, kinakutikisa mpaka meno."

Mimi nililinda plagi. Kwa akili yangu, dunia nzima ilikuwa na plagi moja ya kile kitrekta. Pamoja na cheo hicho, nilimtaka mama yangu, aliyebaki Singida.

Jumamosi moja, visu vikiwa vimeshanolewa, baba mdogo alirudi chini ya mashine kuvifunga, nami nikaondoka polepole kuelekea langoni. Nilikuwa na mihogo miwili ya kuchemsha, na imani kwamba kondakta yeyote atakuwa anamfahamu mama. Pikapu ya shamba ilikuwa ikisubiri abiria.

"Shikamoo."

"Marahaba, mzee. Safari ya wapi?" dereva aliuliza.

"Singida."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi naishia hapo Kiboriloni. Panda, panapobaki utamalizia kwa miguu!"

Nilikuwa nimeshakanyaga tairi ili nipande nilipokisikia kitrekta kikiwaka. Nikatia mkono mfukoni. Plagi ilikuwepo, bado ina uvuguvugu wa mwili wangu. Basi kimewaka chenyewe, nikawaza, na mikono yake iko chini.

Nilikimbia. Mihogo ilidondoka, ndala moja ikabaki njiani, na nadhani nilipiga kelele njia nzima. Nilipotokeza kiwanjani, baba mdogo alikuwa amekaa juu ya kiti chake, nyuma yake kuna mstari wa nyasi uliokatwa safi. Alizima injini. Nilimshika mikono nikavihesabu vidole, kimoja baada ya kingine, kisha nikarudia tena.

"Una nini, Yona?"

Nikamwonyesha plagi. Akaitazama, akautazama mguu wangu usio na ndala, akaitazama pikapu kule langoni.

"Ninayo nyingine," alisema kwa sauti ndogo. "Ya akiba."

Nililia kilio kitamu ambacho sijakipata tena. Mama mdogo akaja mbio kutoka nyumba za wafanyakazi, mikono ina unga. "Yesu wangu! Huyu mtoto kaona nini, mbe, mume wangu?"

"Kaona niko mzima," baba mdogo akajibu.

Jumamosi iliyofuata alichomoa plagi akanipa kama kawaida, na pikapu ikaondoka bila mimi.

Nilikuwa mtu mzima, nimelala nyumba ya wageni mji nisioujua, nilipojiuliza kwa nini mtu mwenye ovaroli ya mifuko minne ampe mtoto plagi amtunzie. Vidole vyake vilikuwa salama tangu pale alipoichomoa. Hakuwa akihofia vidole; alihofia lango.

Nilipomaliza kidato cha nne nikapata kazi kwenye malori ya kanda ya ziwa. Siku ya kuondoka iliangukia Jumamosi. Nilimkuta kiwanjani nikamuaga, naye akachomoa plagi, nami kwa mazoea nikanyoosha kiganja.

Aliifuta kwa kitambaa, akaitia kwenye mfuko wake wa kifuani, akafunga kifungo.

"Leo naishika mwenyewe," alisema. "Wahi gari."