Niliomba Nimefumba Macho, Kwelea Wakaula Mpunga wa Mjane

Ndugu wasomaji, nimekosa. Nasema hivyo mstari wa kwanza kabisa kwa sababu najijua: nikianza na habari za mvua na mto, nitafika mwisho wa karatasi sijasema kitu.

Sikuiba. Sikulewa tembo. Sikumpiga mtu. Mimi nilikosa kwa kumwomba Mungu. Haya, chekeni! Nimewaachia nafasi.

Jina langu silitaji. Watu wa huku kwetu, kando ya mto karibu na Hewani, watanitambua kabla ya kufika nusu ya barua hii, na ni haki yao. Ni mkulima wa mpunga na ndizi, nimesoma madarasa matatu, nina daftari ninaloandikia mambo ya kila siku. Nimelifungua hapa magotini ili nisijipendelee, maana kujipendelea ninakujua sana.

Mwanzo ulikuwa mwema. Jumapili moja mwalimu wetu wa kanisa alitufundisha kwamba sala si kanzu ya kuvaliwa Jumapili na kukunjwa Jumatatu. Mkristo aombe akilima, aombe akipiga kafi, aombe akichochea moto. Kosa si lake, naliandika wazi asije akalaumiwa. Yeye alisema, "Ombeni mkifanya kazi." Mimi nilishika neno la kwanza, lile la kazi likapita zake.

Kesho yake nikaanza. Jamani! Niliombea jembe kabla ya kulishika, kisha nikauombea mpini peke yake. Uji ukiletwa, naomba mpaka unaota ngozi juu. Mtu akinisalimu njiani, naomba kwanza ndipo niitikie, na wengine nilipofumbua macho walikwisha kufika kwao.

Na sauti! Sikuomba kimoyomoyo hata kidogo. Ya nini kuomba jirani asisikie?

Katika daftari nimeandika hivi: "Leo nimeomba mara kumi na saba. Mama Yona mara mbili tu nilizosikia, na zote macho wazi." Ndiyo, niliandika hivyo juu ya mke wangu. Wino bado uko.

Siku moja nilikuwa namvusha Barisa, mfugaji wa Kiorma, rafiki yangu wa miaka mingi, anakwenda Garsen kununua kahawa. Katikati ya mto nikalaza kafi, nikafumba macho. Mtumbwi ukageuka ubavu.

"Bwana," akasema, "mamba yeye hafumbi macho."

"Nyamaza, ninaomba."

"Hata mimi naomba. Mara tano kila siku. Lakini naomba nchi kavu, halafu narudi kwa ng'ombe. Shika kafi, bwana wee!"

Sikushika. Akaishika yeye, mtu ambaye hajapata kupiga kafi maishani mwake, tukazunguka kama pia mpaka maji yenyewe yakatuonea huruma yakatutupa ng'ambo. Pale nikamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Barisa sikumshukuru.

Sasa mke wangu. Mama Yona ana namna yake ya kuomba. Akitwanga, mchi ukipanda anasema "Bwana," ukishuka anasema "asante." Akiwa juu ya dungu, kile kichanja cha miti tunachokaa kuwafukuza ndege wa mpunga, kila akivuta kamba ya madebe anamtaja mtu. "Mkumbuke mama." Kwacha-kwacha! "Mponye mtoto wa Hawayu." Kwacha-kwacha!

Nikamwambia, "Mama Yona, hiyo si sala. Hiyo ni kelele ya ndege."

"Baba Yona, ndege wanaondoka na Mungu anasikia. Nani amepunjwa?"

Nikampeleka kwa wazee wa kanisa. Naam! Nilimshtaki mke wangu kwa kosa la kuomba macho wazi.

"Anaomba?" mzee mkubwa akauliza.

"Anaomba, mzee."

"Amekutukana? Amekunyima chakula?"

"Hapana, mzee. Lakini macho..."

"Na wewe uliyefumba yako," akasema, "ulijuaje kuwa yake yako wazi?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Niseme haki: mzee mmoja alinitetea, alisema heshima ni heshima. Lakini naye alikuwa akijifuta machozi. Mama Yona hakucheka. Aliniambia tu, "Twende nyumbani, kuna kuni za kupasua."

Mngedhani ningepona hapo. Lo! Nilirudi nimevimba zaidi, nikaandika kwamba naonewa kwa ajili ya imani.

Hawayu ni mjane wa marehemu kaka yangu, ana watoto wanne. Shamba lake liko kwenye pindo la mto, limezungukwa na migomba ya watu pande tatu, na upande wa nne linatazamana na letu ng'ambo ya maji yaliyotuama. Mwaka ule mafuriko yalikuja kwa kiasi na kuondoka kwa wakati. Mpunga wake ulikuwa wa kwanza kuinama. Wiki moja tu, avune.

Hapo akaletewa habari kutoka Wenje kwamba mama yake ni mgonjwa sana.

Akaja kwangu. "Shemeji, nifanyeje? Ndege nao wamekwisha kuonekana."

"Nenda, shemeji. Nitakulindia usiku na mchana."

"Usiku ndege wamelala," akasema. "Wewe nilindie mchana tu, nitashukuru."

Huku kwetu, ndugu wasomaji, kumlindia mtu mpunga si jambo dogo. Kwelea wakija, kila dungu hupiga kelele na ndege huruka mbele, huruka mbele, wakitafuta mahali palipo kimya. Wakipaona, wanatua wote. Dungu lililonyamaza huwalisha ndege wa mto mzima.

Siku ya kwanza nililinda. Ya pili nililinda. Haya ni kweli, nisijinyime. Siku ya tatu asubuhi watoto wa Hawayu walikuja kunisaidia, wakapanda dungu, wakaanza kupiga kelele kama walivyofundishwa. Nami nilikuwa nataka kumwombea bibi yao mgonjwa.

"Shukeni, mwende nyumbani," nikawaambia. "Mnanikatiza."

"Baba mdogo, na ndege?"

"Ndege ni wa Mungu."

Wakaenda. Nikatundika kombeo langu mtini, vidonge vya udongo vya kuwarushia ndege nikavisukuma kando visiniumize, nikapiga magoti juu ya dungu. Nilimwombea yule mgonjwa, sikatai, na nilimwombea kwa moyo. Kisha nikaona maneno yanakuja vizuri. Nikawaombea wagonjwa wote wa Wenje. Nikamwombea Chifu. Nikawaombea wazee wa kanisa walionicheka, wasamehewe, na hapo nilikaa muda mrefu kidogo.

Nikasikia mvumo kama mvua. Nikajua ni nini. Hapa sijifichi nyuma ya neno lolote: nilijua! Mkulima wa mpunga hausahau mvumo ule. Lakini nikasema moyoni, huyu ni Shetani anataka kunikatiza kabla ya Amina.

Nyuma ya migomba jirani akaita, "Ndege wako kwenu! Weee! Ndege!"

Mimi nikapandisha sauti nimshinde.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limepanda. Mpunga ulikuwa umesimama wima. Mtu asiyelima angeufurahia, umesimama vizuri kweli! Lakini mpunga uliokomaa huinama kwa uzito. Ule ulikuwa mabua matupu. Pembeni tu, karibu na migomba, walikuwa wamesaza kipande cha kujaza labda vikapu viwili.

Hawayu alirudi siku ya tano, mama yake amepata nafuu. Alisimama shambani akalivuta suke moja, akalisugua viganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu mkononi.

"Watoto wanasema uliwafukuza," akasema.

"Niliwaonea huruma, jua lilikuwa kali. Shemeji, nilirusha udongo mpaka mkono ukanivimba. Ni mapenzi ya Mungu."

Aligeuka akaenda kwa watoto wake. Na kugeuka kwake kuliniuma kuliko kutukanwa, basi badala ya kutubu nikatafuta pa kujificha. Jumapili nikasimama kanisani kushuhudia. Hakuna aliyeniita! Nikasema nilipigana na ndege, nikaomba na kuomba, na bado wakaingia. Nikaongeza, kwa sauti ile ya upole ambayo sasa nikiikumbuka natema mate chini: "Labda katika nyumba ile pana jambo ambalo halikumpendeza Bwana."

Hawayu alikuwa amekaa pale pale, mtoto mdogo mapajani.

Neno kama hilo halihitaji kusukumwa. Siku hiyo hiyo mmoja akakumbuka eti aliwahi kumwona Hawayu akitoka kwa mganga. Mwingine akauliza kaka yangu alikufa na ugonjwa gani hasa. Hawayu akifika mtoni kuteka maji, wanawake wanamaliza mazungumzo.

Jumapili ile ile, tuliporudi nyumbani, Mama Yona hakuvua hata kanga yake ya kanisani.

"Baba Yona, siku ile ya ndege nilikuwa juu ya dungu letu. Nilikuwa naomba."

"Najua. Kila siku unaomba."

"Macho wazi."

Nikachukua daftari langu, nikalifungua.

"Nilikuona. Tangu jua liko pale mpaka likafika hapa, uko magotini. Kombeo linaning'inia mtini. Nilipiga debe, nikaita mpaka sauti ikakauka. Nikitoka, ndege wanakuja kwetu. Nikivuka maji yale, nimechelewa. Nikabaki nakutazama."

"Sasa mbona hukusema kanisani?"

"Nilikuwa namwomba Mungu useme wewe."

Ole wangu! Nilikaa chini. Nikamwahidi kwamba nitasema, na nitasema mbele ya watu wote, Jumapili ijayo.

Angalieni hapo, ndugu zangu. Mimi niliyeombea mpini wa jembe Jumatatu, niliyemwombea Chifu siku ya kazi asubuhi, toba nikaiwekea Jumapili! Nyumba ya Hawayu iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Ningeweza kwenda jioni ile ile. Nikaona Jumapili inafaa zaidi, watu watakuwa wengi, nitaliandaa vizuri. Hata maneno niliyaandika daftarini, ukurasa mzima, mazuri mno.

Ijumaa Hawayu alipakia vyungu vyake na watoto wanne wa kaka yangu katika mtumbwi wa mjomba wake, wakapanda mto kwenda Wenje. Hakuniaga. Aliaga kwa Mama Yona.

Jumapili nikausoma ule ukurasa, na benchi lake liko tupu. Mwalimu aliinamisha kichwa. Yule mzee mkubwa hakunifanyia mzaha, na siku ile ningeutamani.

Wiki iliyofuata, baada ya kuvuna, mimi na Mama Yona tuligawa mpunga wetu nusu kwa nusu, nikaupeleka Wenje kwa mtumbwi, nikisukuma kwa upondo, siku mbili kinyume cha maji. Wazo lilikuwa lake. Jasho lilikuwa langu. Hawayu alinikaribisha, akanipa maji. Nilipiga magoti nimwombe radhi.

"Inuka," akasema. "Magoti yako yamekwisha kunigharimu."

Nikasimama, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, bila karatasi. Watoto walikuwa wanasikia.

"Mpunga nimeupokea," akasema. "Na radhi nimekupa, kwa sababu mimi pia naomba. Lakini watoto watakaa hapa. Kule wataitwa watoto wa nyumba yenye jambo."

"Basi tuombe, shemeji, kabla sijaondoka."

Alinyanyua mchi, akanipa. "Omba. Lakini utwange."

Mbele ya wanawake wa Wenje, mwanamume mzima na mchi! Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitwanga mpunga wangu mwenyewe, nikasema "Bwana" mchi ukipanda, na nilipotaka kusema "asante" ukishuka nikashindwa, likatoka "nisamehe." Na macho yalikuwa wazi. Ukitwanga umefumba macho utajivunja mguu.

Kwa nini naandika gazetini, wakati kanisani nilikwisha kusema? Kwa sababu juzi Barisa alirudi kutoka Madogo kuuza ng'ombe, akaniambia kule kwa watu wa malori wanasimulia habari za mjane wa huku mtoni aliyelaaniwa na ndege. Uongo wangu ulipanda lori pale Garsen ukaenda zake. Ukweli wangu umebaki katika kanisa la makuti lenye watu arobaini. Gazeti hili nalo hupanda lori. Basi lipelekeni: Hawayu hana jambo lolote. Mwenye jambo ni mimi.

Nanyi mnaopenda kuomba, msiache! Nisije nikawa nimewakosesha sala pia, juu ya yote. Ombeni kila siku, ombeni mkitwanga, ombeni mkivusha watu. Ila ukisikia ndege katikati ya sala, ujue pengine ndiye Mungu mwenyewe anakujibu, anakwambia inuka. Na ukiwa na la kutubu, usilisubirishe Jumapili. Mtumbwi huondoka Ijumaa.

Mimi bado sijiamini. Nikianza kuomba naona raha ile ile inanijia, na sauti inataka kupanda. Kwa hiyo natoa ruhusa mbele ya wasomaji wote: yeyote akipita karibu na Hewani wakati wa mpunga, akanikuta juu ya dungu nimefumba macho, achukue kidonge cha udongo anirushie.

Mama Yona amekwisha kunipiga mara mbili. Ana shabaha nzuri.