Pingili Nne za Saa ya Wainaina

Wainaina alirudi kutoka kizuizini akiwa mifupa mitupu, na bado saa yake mwenyewe ilikataa kumfunga mkono. Hebu fikiria hapo.

Ilikuwa saa ya dhahabu kweli, si ya kupakwa, na mkanda wake dhahabu vilevile. Alipewa na mzungu wa kahawa kule Ruiru, ambaye Wainaina alimwendeshea gari miaka na miaka. Siku askari walipokuja kumchukua, mwaka wa hamsini na tatu, aliivua akampa mkewe Njambi. "Nitunzie," akasema. Hawakumpa nafasi ya neno lingine.

Njambi aliitunza, asikudanganye mtu. Lakini walipohamishiwa kijiji cha Dharura, serikali ilikowafungia watu kwa ua na askari, nyumba zilipekuliwa asubuhi na jioni, na kitu cha thamani hakikukaa. Ndipo akamvisha shemeji yake Kang'ethe, aliyekuwa na kibali cha kutoka na kazi katika kiwanda cha mananasi Thika. Sasa, Kang'ethe naye mkono wake mwembamba kama wa msichana. Saa ikawa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Siku Njambi alipopata ruhusa ya kutoka, wakaipeleka kwa Kilonzo, fundi saa Mkamba mwenye meza barazani mwa duka la nguo.

Kilonzo siku hiyo alikuwa na haraka zake. Hakupima. Alikata pingili nne za mkanda, zote upande mmoja, akang'oa visumari kwa koleo, akapinda kufuli, akaiacha dhahabu na makovu. Halafu akauliza, vipande hivi niweke wapi?

Wiki hiyo Njambi alikuwa amemzika Idah, kitinda mimba wake, kwa homa ya kijijini. Habari za Wainaina zilikuwa zimekatika zamani. Akajibu yeye, si Kang'ethe: "Tupa tu. Mwenyewe harudi."

Kumbe mwenyewe akarudi, mwaka wa hamsini na nane.

Habari ya Idah aliipokea ameketi. Baadaye sana akaulizia saa yake. Kang'ethe aliivua huku akitazama chini. Wainaina akavuta ncha hii, akavuta ile, hazikukutana. Zikamwachia alama nyekundu tu.

"Nani aliifanyia ovyo hivi?"

"Fundi wa Thika," Kang'ethe akasema.

"Basi kesho atanipa vipande vyangu. Mama Ngendo, utanionyesha alipo," akamwambia mkewe, akimwita kwa jina la mtoto wao mkubwa.

Njambi hakulala vizuri. Njia nzima kwenda Thika aliomba Mungu Kilonzo awe amerudi kwao Ukambani, au hata amepofuka, asimjue. Mwanamke wa kanisa, anaomba maombi kama hayo! Alichoogopa ni kimoja tu: mumewe asije akajua kwamba alimkatia tamaa kabla hajafa.

Kilonzo alikuwepo, macho mazima. Akaipindua saa, akaijua.

"Kazi hii ni yangu," akasema. "Niliharakisha, nisamehe mzee. Kufuli nitanyoosha, makovu nitasugua. Lakini pingili za kuongeza sina. Nikiweka za chuma, zitaonekana."

"Sitaki za chuma. Nataka zangu nne."

"Nilitupa. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Kwa nini utupe mali ya mtu?"

Kilonzo akamtazama Njambi. Hakuwa na ubaya, masikini, aliulizwa, akajibu. "Ni huyu mama aliniambia. Alisema mwenyewe harudi."

Njambi akashika nguzo ya baraza. Aliona aibu ya kutaka kufa. Wainaina aliichukua saa pale mezani, akaitia mfukoni, akashuka barabarani. Njambi akamfuata nyuma, hathubutu kumfikia, mpaka yeye mwenyewe aliposimama kumngoja.

"Ilikuwa lini?" akauliza.

"Wiki tuliyomzika Idah. Baba Ngendo, nilikuwa nimechoka kukungoja."

Watu walipita na vikapu vyao, wakiwazunguka.

"Mwaka huo," akasema mwishowe, "hata mimi nilikuwa nimesema hivyo hivyo. Niliwaambia wenzangu kule kizuizini waligawane blanketi langu. Basi walionizika tulikuwa wawili, mimi na wewe."

Hapo ndipo Njambi alipolia, katikati ya Thika mchana, kilio ambacho hakuwa amemlilia hata Idah.