Mistari Arobaini na Mmoja ya Mkaa

Siku ya arobaini na moja ya eda yangu, Jumatano, saa tatu asubuhi, askari kanzu watatu wa serikali ya Waingereza walivunja mlango wa chumba changu, Mtoni. Walitafuta karatasi za mgomo za marehemu mume wangu, aliyekuwa kuli bandarini. Walilichana godoro kwa kisu, wakanipiga rungu mdomoni, na meno mawili yakaangukia nguo yangu nyeupe.

Damu haijakauka, wifi yangu alikwisha kutangaza mtaani: "Mjane gani huyu, anapokea wanaume ndani ya eda?"

Eda ilipokwisha niliishtaki serikali. Sikutaka fidia, nilitaka itamkwe hadharani kwamba waliingia kwa nguvu.

Mahakamani, mkubwa wa askari wale aliapa kwamba hawakuvuka kizingiti. "Tulizungumza naye barazani, akateleza, akaanguka."

Wakili wangu akaomba isomwe ripoti ya askari huyo ya siku ile. Ilisema kwamba nyuma ya kitanda cha mjane kulikuwa na alama za siri za wagomaji, mistari arobaini na mmoja ya mkaa.

Hakimu akaniuliza maana yake.

"Ni siku za eda, bwana mkubwa. Sikujua kuandika wakati ule. Kila asubuhi nilichora mstari mmoja."

Mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Afande, kumbe ulimhesabia eda!"

Hakimu alitamka kwamba walivunja, waliingia na walinipiga. Nikamgeukia wifi yangu, aliyekuwa kwenye benchi la wasikilizaji, nikatabasamu, pengo lote nje.