Modeli mpya ilipanuliwa nyuma, na baba yangu hakusogeza mbao

Wakuu, nawasalimu nyote, wake kwa waume. Walionizidi umri, shikamoo zenu, ingawa sidhani kama humu mko wengi.

Mimi ni mama mwenye zaidi ya miaka themanini. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi mnisamehe. Naandika kwa kidole kimoja.

Nimejiunga kwa sababu ya uzi wenu mmoja, ule mliokuwa mkibishana kuhusu lile gari dogo la Kiingereza la viti viwili, lililokuja baada ya vita vya Hitla. Mlikuwa mnalinganisha modeli ya kwanza na ile iliyofuata mwishoni mwa miaka ya arobaini. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anapenda magari ya zamani, ndiye aliyenionyesha picha.

Nitakayoyasema mengine niliyaona kwa macho, mengine niliambiwa na mtu aliyekuwepo. Nisichokijua nitasema sikijui.

Baba yangu aliitwa Yohana. Alikuwa mtu wa Rabai, akaja Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kutafuta kazi, akaipata kwenye gereji moja upande wa kwenda Shelly Beach. Haipo tena. Pale sasa kuna maduka ya simu na stendi ya tuktuk.

Ile gereji haikuwa na shimo la kuingia chini ya gari. Anayeijua Likoni ataelewa. Ukichimba kidogo tu unakutana na mwamba wa matumbawe, sururu inarudi. Kwa hiyo walipandisha magari juu ya mbao mbili ndefu za mvule zilizolazwa juu ya vigogo. Gari linapanda taratibu, magurudumu ya kulia ubao huu, ya kushoto ubao ule, halafu fundi anaingia chini kwa mgongo.

Kila gari lina upana wake, kwa hiyo mbao zilisogezwa kulifuata gari. Lori, zinaachana. Gari dogo, zinasogeleana. Kazi ya kuzipanga ilikuwa ya baba.

Lile gari la viti viwili ndilo lililokuwa jembamba kuliko yote pale. Lilikuwa la bwana mmoja Mzungu aliyekaa karibu na ufuo. Rangi yake kijani kibichi. Baba alilipenda, akaliita Kinyonga.

Wenzake wakamcheka. "Yohana, kinyonga gani anayekimbia hivyo?"

Naye akawajibu, "Huyu amekulia kwa Wazungu."

Nyumbani alikuwa akitueleza habari zake wakati mama anapakua. Jinsi lilivyokuwa chini, hata ukisimama kando yake unajiona mrefu. Jinsi magurudumu yake yalivyokuwa ya spoki nyembamba kama za baiskeli, na kuzisafisha ni kazi ya mtu mwenye subira. Mnaosema humu kwamba zile spoki zilikuwa nzuri kuliko rimu za bati zilizofuata, baba angekuwa upande wenu.

Kwa kuwa gari hilo lilikuja mara kwa mara, alipigilia misumari kwenye vigogo kuonyesha mbao zikae wapi. Likija Kinyonga, mbao zinaletwa hadi kwenye misumari, basi, hakuna kupima tena.

Sasa nafika pale penye uzito.

Aliyenisimulia asubuhi ile ni Mzee Salim, Mdigo, fundi mwenzake. Alikuja kwetu kwenye matanga akamsimulia mama, mimi nikiwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Baadaye, nilipokuwa mtu mzima, nikamwendea nyumbani kwake anisimulie tena. Hakubadilisha neno.

Alisema dereva wa yule bwana alileta gari mapema. Kijani kile kile, viti viwili, pua ile ile ndefu. Ila magurudumu hayakuwa ya spoki tena. Yalikuwa ya bati lililofunikwa, lenye matundu.

Baba akalizunguka akicheka. "Kinyonga mmemvika viatu vipya."

Dereva naye akacheka. "Vipya kabisa, mzee. Kila kitu kipya."

Wakuu, haya maneno nimeyarudia kichwani maisha yangu yote. Yule dereva hakusema uongo. Lilikuwa gari jingine, modeli mpya, na bwana wake, kama Salim alivyokuja kusikia baadaye, alikuwa amelitoa melini majuzi tu. Lakini baba alisikia habari ya viatu. Alidhani ni gari lile lile limebadilishwa rimu na kupigwa rangi upya.

Akasogeza mbao hadi kwenye misumari, kama siku zote.

Akasimama mbele, akamwongoza dereva kwa mikono. "Leta. Leta. Kidogo kulia. Leta, hapo hapo." Magurudumu ya mbele yakapanda, yakakaa vizuri juu ya mbao. Salim aliyaona. Gari likasogea lote likawa juu, dereva akashuka, baba akaweka vizuizi, akaingia chini kwa kupitia mbele.

Palikuwa na nati ya kutolea oili iliyokaza. Salim alimsikia akiisemesha, kama ilivyokuwa tabia yake. "Toka basi, bibi, watu wana kazi." Akaivuta kwa spana. Gari likatikisika kidogo.

Ubao mmoja ukabinuka upande wa nyuma.

Sitaandika zaidi ya hapo. Alipelekwa hospitali kisiwani kwa feri na hakurudi akiwa hai.

Tulizika Rabai. Siku hizo hizo likatoka neno, nalo lilitoka kwa tajiri wa gereji. Alisema hivi: magurudumu ya mbele yalikaa sawa, kila mtu aliona. Kama mbele ni sawa, na nyuma lazima iwe sawa, maana gari ni moja na mbao ni zile zile. Basi nyuma pameharibika vipi? Yohana mwenyewe akiwa chini ameusukuma ubao kwa mguu au kwa bega. Amesogeza mbao. Ni uzembe wake.

Wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa mnazi. Sitawadanganya, baba alikunywa mnazi. Lakini alikunywa jioni ya Jumamosi, nyumbani, na mama akimhesabia vibuyu. Asubuhi ya kazi, hapana.

Mzee Salim peke yake ndiye aliyekataa. Pale mkekani alimwambia mama, "Wallahi, mama Umazi, mbao hazikusogezwa. Zilikuwa kwenye misumari. Ule ambao haukubinuka, nimeuangalia baadaye, bado ulikuwa kwenye msumari wake."

Mama akamuuliza, "Basi gari lilianguka kwa nini?"

Salim akasema, "Hilo sijui."

Mama alimheshimu Salim hadi mwisho. Lakini fikirini nyinyi. Mmoja anakupa sababu, mwingine anakupa "sijui". Mjane mwenye watoto wawili atashika lipi? Alishika lile lenye sababu, walau apate mahali pa kuuweka msiba wake.

Na mtaani likawa neno. Mtu akimwaga maji, amesogeza mbao. Fundi nguo akikata kitambaa vibaya, amesogeza mbao. Watu walisema huku wakicheka, na wengi hawakujua limetoka wapi. Sisi tulijua.

Dada yangu Umazi, mkubwa wangu, ndiye aliyeumia zaidi. Mimi nilikuwa mdogo, nikimsikia mtu analisema naondoka. Yeye siku moja bombani aliteleza na ndoo, msichana mmoja akasema, "Huyu ni damu, naye kasogeza mbao." Dada alimpiga kibao. Wakatenganishwa na wanawake waliokuwa kwenye foleni.

Akarudi nyumbani bila maji. Mama akamuuliza, akaeleza. Nilidhani mama atamtetea. Mama akasema, "Umempigia nini? Kakwambia uongo?"

Tangu siku ile dada hakulitaja jina la baba mbele ya mama. Hawakugombana. Alimpikia, akamuuguza, akamwogesha alipozeeka. Lakini habari za baba kati yao zilikwisha pale.

Mama alifariki akiamini hivyo. Karibu na mwisho alituambia, "Baba yenu alikuwa mtu mwema. Mikono yake tu ndiyo ilikuwa na haraka." Dada alitoka nje. Mimi nilibaki nikamshika mama mkono. Ningemwambia nini? Na mimi nilikuwa sijui.

Miaka ikapita, wakuu. Mingi.

Mwaka huu mpwa wangu akanionyesha uzi wenu. Alijua tu kwamba babu yake alifanya kazi gereji zamani, akadhani nitafurahi kuona magari ya wakati ule. Nikaiona ile ya kwanza, ya spoki, nikamwambia ndiye huyu. Nikaiona na ya pili, yenye rimu za bati. Nikaanza kusoma mlivyokuwa mkijibizana.

Mmoja wenu aliandika kwamba tofauti kubwa si rimu, watu wanadanganywa na rimu. Akasema modeli mpya ilipewa ekseli ya nyuma ya gari la familia la kampuni ile ile, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yalitoka nje zaidi kuliko ya mbele. Mbele paliongezeka kama inchi mbili tu. Nyuma zikafika tano.

Mwingine akamjibu, "Na hizo inchi tano ndizo zilizolituliza kwenye kona. Mabadiliko bora kuliko yote."

Niliweka simu mezani. Mpwa wangu akaniuliza, "Mama mdogo, vipi?" Nikamwambia anisomee tena. Akanisomea tena. Nikamwambia anichoree.

Akachora kwenye bahasha. Mbao mbili. Magurudumu ya mbele juu ya mbao, yamesogea nje kidogo lakini yamekaa. Magurudumu ya nyuma yamekalia ukingo.

Kumbe ukisimama mbele huoni. Unayaona ya mbele yako sawa, na ya nyuma yamejificha. Na kwenye gari lile la kwanza ulikuwa huna sababu ya kwenda nyuma kuangalia.

Baba hakusogeza mbao. Aliziweka pale pale zilipotakiwa kuwa kwa gari alilolijua.

Mzee Salim alikuwa ameshafariki zamani. Aliyebaki wa kuambiwa ni dada. Alikuwa kitandani kwa mwanawe huko Kisauni, macho yamekwisha lakini masikio yanasikia, ingawa siku nyingine akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Nilimwendea na ile bahasha, halafu nikakumbuka hawezi kuiona. Nikachukua viganja vyake viwili nikavifanya mbao, nikaweka vidole vyangu juu vikiwa magurudumu. Mbele hivi. Nyuma hivi.

Akaniambia, "Rudia."

Nikarudia.

"Nyuma pametoka zaidi?"

"Ndiyo, dada."

"Na yeye alisimama mbele."

"Alisimama mbele."

Viganja vyake vilibaki vimekunjuliwa. Nikadhani amelala. Halafu akaniita, "Mdogo wangu."

"Abee."

"Nenda kamwambie mama."

Mama amelala Rabai tangu watoto wa dada wakiwa wadogo. Mimi sikuwahi kumdanganya dada yangu kwa jambo lolote. Sikujua kama akili yake imekwenda, au alijua vizuri anachosema. Nikamwambia, "Nitamwambia, dada."

Akasema, "Leo."

Nikasema, "Leo."

Mwezi ule haukuisha, tukamzika.

Kwa hiyo wakuu, mkiendelea kubishana ni modeli ipi ilikuwa bora, mimi sina upande. Huenda hizo inchi ziliwaokoa wengi kwenye kona, sina ubishi. Ninaloomba ni hili. Ukimpa fundi kitu ambacho kimebadilishwa, hata kama kwa nje kinafanana na kile cha jana, mwambie kwa maneno kamili kwamba ni kingine. Usimwachie mzaha. Yeye ndiye anayeingia chini.

Na wewe fundi, ukiambiwa kila kitu ni kipya, zunguka uende nyuma.

Kama kuna mwenye magari yote mawili, au anayemjua mwenye nayo, naomba ayapime kwa mkono wake mwenyewe, mbele na nyuma, aniandikie hapa chini. Na kama vipimo vya yule ndugu havikuwa sahihi, niandikieni hilo pia, msinionee huruma. Nimeishi na "sijui" miaka mingi, naweza kurudi kwake.

Rabai, kufika kaburini kwa mama kuna kilima, na miguu yangu haikipandi tena. Siku ile niliyomwahidi dada, nilifika nyumbani nikakaa ukumbini hadi taa zikawashwa, sikuona wa kumwambia. Ndipo nikafungua simu nikaanza kuwaandikia nyinyi.