Saa Isiyopumua

Fundi saa Lenzi, jina alilopachikwa kwa kile kioo cha kukuzia kilichoganda jichoni pake miaka nenda miaka rudi, hakuwa mtu wa kuchafukwa roho upesi. Lakini siku ile alipobandua mfuniko wa saa moja ya kike, ya zamani, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, alisogeza kikombe chake cha chai mbali.

Nje ilikuwa saa ya kutia ufunguo. Ndani kulikuwa na nongo za jasho, unywele uliojiviringa, na gundi ya viatu. Katikati ya gundi ulikuwa umekwamishwa mtambo wa betri, wa plastiki, ukashikizwa kwa kipande cha boksi.

"Nani kafanya uchafu huu?"

Aliyeileta, mshonaji wa mtaa wa pili, aliinamisha macho. Saa ilikuwa ya mama yake, ambaye haoni tena. Iliposimama, yeye mwenyewe aliipeleka kwa fundi wa stendi, akamwambia anataka itembee tu. Ikatembea. Mama akaiweka sikioni, akaivua, akasema si yake, hii haipumui. Tangu hapo kila anayeingia anaulizwa ni nani kaiba saa. Kaka mkubwa kasema akili za mama zimehama, Jumamosi apelekwe nyumba ya kutunzia wazee.

"Niambie kitu kimoja tu, baba," alisema mshonaji. "Mama anaropoka?"

Lenzi alikwangua gundi mfunikoni huku kakunja pua. Chini yake ikatokea ndoana ndogo, alama anayoichora kwa sindano ndani ya kila saa anayoitengeneza. Kumbe aliwahi kuishika.

"Haropoki. Mmemrudishia ganda lake na utumbo wa mwingine."

Akafunga kibanda, akaenda stendi kuulizia mtambo wa asili wa saa ile. Yule fundi alicheka, akamuuliza mzee siku hizi nani anatia saa ufunguo, kisha akamsukumia kopo la mitambo mikuukuu. Ilikuwa imegandana kwa mafuta ya kupikia, na mende mkavu juu yake. Lenzi alikunja mkono wa shati, akaingiza vidole. Alikuwa akitafuta mtambo wenye umbo la yai, wenye skrubu moja aliyoipiga tupa kichwa mwenyewe, enzi hizo spea hazipatikani. Aliupata chini kabisa.

Aliuosha kwa petroli mara nne, na kila mara petroli ilitoka nyeusi kama maji ya mtaro. Akatia mafuta yake, tone la ncha ya sindano. Akazungusha ufunguo. Gurudumu dogo likaanza kuyumba huku na huku.

Ijumaa alikwenda na mshonaji hadi kitandani kwa mama. Kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Mama aliiweka saa sikioni, akakaa nayo muda mrefu.

"Ndiyo hii. Moyo wa kifaranga," alisema. "Haya, nani aliiba?"

"Mimi, mama," alisema mshonaji. "Nilisema itembee tu."

Kaka akatoka uani na simu yake. Alisikika akimwambia mtu kwamba gari la Jumamosi lisije.

Mama akanyoosha mkono kumshukuru fundi, kisha akausitisha hewani. "Baba, unanuka petroli. Kanawe kwanza."

Lenzi alinawa mara tatu kwa sabuni. Harufu ya petroli ilitoka. Harufu ya lile kopo aliisikia bado, ndani ya kucha.