Hewa ya Chumba cha Eutrice

Eutrice Joefield hakuwa mtu wa kuhamishwa. Nyumba yake, iliyopakana na uwanja wa matangi kule kusini mwa Trinidad, aliijenga na mumewe enzi kiwanda cha kusafisha mafuta kikinguruma mchana na usiku. Kiwanda kilifungwa, mume akafa, matangi yakaota kutu, harufu ikabaki. Eutrice naye akabaki.

Kilichomkosesha raha ni mjukuu. Binti yake Arlene, aliyejifungua mjini San Fernando, alikuwa ametoa neno lisilo na rufaa: mtoto hatalala katika nyumba ile mpaka ijulikane kama hewa yake ni salama. Eutrice alinuna. Si alimlea huyo huyo Arlene katika chumba hicho hicho, na leo ana mapafu ya kumgombeza mama yake? Lakini moyoni aliogopa, maana mumewe alikufa akikohoa.

Basi alipokuja Roshni Seecharan, aliyetumwa kupima madhara ya mafuta yaliyomwagika ardhini, Eutrice alimkaribisha kama mkwe. Roshni aliuliza maswali mengi. Anakula nini kutoka bustanini? Anakunywa maji gani? Ndani kuna petroli, rangi, mafuta ya taa?

"Mwanangu, petroli ya nini?" alisema Eutrice. "Gari la mwisho kuingia hapa lilikuja kuchukua jeneza la mume wangu."

Roshni akatoboa tundu dogo kwenye sakafu ya saruji kuvuta hewa ya chini yake, kisha akaacha mkebe wa chuma chumbani ukusanye hewa ya ndani.

Majibu yalikuwa mabaya. Roshni aliyatoa akiwa amesimama mlangoni, macho chini. Hewa ya chumbani ilikuwa na mvuke wa mafuta kupita kiasi, na kwa sasa mtu asilale humo.

"Nilikwambia, Eutrice," jirani yake Hollis alisema kutoka ng'ambo ya ua. "Hata mbu wamehama kwako."

"Wamehamia kwako, wamefuata soksi zako."

Alijibu hivyo, kisha akaingia jikoni na kulia akiwa amesimama. Akahamishia godoro sebuleni. Kofia ya mtoto aliyokuwa akiifuma akaitia kabatini.

Roshni alirudi baada ya siku chache, mkoba wa vifaa begani. Kuna jambo lilikuwa likimsumbua: hewa ya chini ya sakafu ilikuwa karibu safi. Kama sumu inatoka ardhini, chini ndiko kungekuwa kubaya zaidi kuliko chumbani. Alipouweka mzigo chini alikunja uso na kushika bega.

Eutrice alikuwa bado na hasira naye, lakini mtoto wa mtu akiumia utamwacha?

"Keti. Vua hilo koti."

Akaingia chumbani, akapiga magoti kwa shida, akachomoa chupa chini ya kitanda. Kizibo chake kilikuwa gazeti lililosokotwa. Ndani mlikuwa na mafuta ya taa yaliyolowekwa kafuri na kungumanga, dawa aliyoachiwa na mama yake, ambayo alijisugua magotini kila jioni. Roshni alinusa kabla hajaguswa. Siku ya kwanza aliisikia harufu ile, akadhani ni ya matangi, kama kijiji kizima kilivyodhani.

"Shangazi, si nilikuuliza kama una mafuta ya taa?"

"Uliniuliza mafuta. Hii ni dawa."

Roshni akajifunika uso kwa viganja. Mwanzoni Eutrice alidhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kikamwambukiza hata yeye.

Chupa ikahamia bandani, mwisho wa ua. Madirisha yakafunguliwa, shuka zikafuliwa, mkebe ukawekwa tena. Safari hii Roshni alipoleta majibu alikaa na kula. Chumba kilikuwa salama. Tatizo lililobaki ni udongo wa kona ya bustani iliyoshikana na uwanja, uliokuwa na mafuta kweli. Magimbi ya pale yang'olewe, apande mengine kwenye masanduku ya udongo mpya. Eutrice aliyang'oa mwenyewe, akinung'unika kwa kila shina.

Kuanzia hapo, magoti yakimuuma alitoka hadi bandani, mvua isinyeshe, inyeshe, akajisugua huko, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, ndipo akarudi ndani. Hollis alimwita mlevi wa siri. Hakujali.

Arlene alifika Jumapili, mtoto amelala begani. Alisimama kizingitini, akavuta pumzi, uso ukambadilika.

"Mama, hapa hapanuki tena kama nyumbani."

"Nyumbani kuko bandani," alisema Eutrice, akinyoosha mikono. "Lete mtoto."